Mchumba kwa Mujibu wa Fomu

Mara ya kwanza maishani mwangu kuitwa mchumba wa mtu, aliyeniita alikuwa karani wa udahili. Ilikuwa Ijumaa, saa tano na robo asubuhi. Nilikuwa nimesimama mbele ya dirisha la kioo lenye vitundu vya kupitishia sauti, na nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu kumi na wawili, wote wana masikio.

"Wewe ndiye mchumba wa daktari?" aliuliza bila kuinua macho.

"Daktari gani?"

"Msimamizi wako. Huyu aliyekuandikia barua ya mapendekezo."

"Kaka, mimi si mchumba wa mtu yeyote."

Karani hakubishana. Alichomoa karatasi kwenye faili langu, akaibandika kwenye kioo kwa upande wake, akaweka kidole kwenye kipengele cha tisa. Nikasogeza uso. Mwandiko nilioukuta pale ninaujua kuliko wangu mwenyewe: herufi zimesimama wima, na kila nukta imekaa mahali pake.

*Je, una uhusiano wa kindugu, wa ndoa au wa kimapenzi na mwombaji?* Ndiyo.

*Aina ya uhusiano:* Mchumba.

*Uhusiano ulianza lini?* Na hapo bwana yule alikuwa ameandika tarehe sita ya mwezi wa pili, mwaka juzi.

Mwaka juzi! Tarehe sita ya mwezi wa pili mwaka juzi nilikuwa na siku tatu tu kazini. Nilikuwa bado napotea nikitafuta choo cha wafanyakazi. Mimi na yeye tumeanza kuambiana ya moyoni mwezi wa tisa uliopita, nilipokuwa nimeshamaliza saa zangu zote za mazoezi na kuhamishiwa kitengo cha watoto, chini ya msimamizi mwingine kabisa.

"Hapa pana makosa," nilisema.

"Hilo mtajuana wenyewe," alijibu karani. "Mimi naangalia kanuni. Saa za mazoezi zilizosimamiwa na ndugu, mume, mke au mchumba hazihesabiwi. Unatakiwa uwe na saa mia nne. Umeleta mia nne na kumi na mbili, zote zimesainiwa na yeye. Kwa hiyo tukitoa zake..."

Alivuta kikokotoo. Haki ya Mungu, alivuta kikokotoo, akabonyeza mia nne na kumi na mbili kutoa mia nne na kumi na mbili, kisha akanigeuzia nione sifuri.

"Mafaili ya wenye ufadhili tunayafunga leo saa kumi alasiri," aliendelea. "Lenye kasoro linarudi, na nafasi inakwenda kwa anayefuata. Haya, nani anayefuata kwenye foleni?"

Nilitoka kwenye foleni. Mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma yangu akaniambia, "Hongera, dada."

Nieleze kidogo, maana mtu atasema fomu tu, mbona namwaga machozi. Shahada ya uzamili ya saikolojia tiba nimeiomba mara tatu. Mwaka wa kwanza walinikataa kwa sababu sikuwa na saa za kutosha za kukaa na wagonjwa chini ya msimamizi. Mwaka wa pili walinipa nafasi bila ufadhili, nikaishika barua ile wiki tatu nzima kabla ya kuirudisha, kwa kuwa ada yake ilikuwa mshahara wangu wa miaka minne. Mwaka huu waombaji walikuwa mia moja na arobaini, nafasi nane, wenye ufadhili wawili. Wawili tu, na mmojawapo ni mimi. Nilikuwa nimebakiza muhuri.

Nikaenda kumtafuta mchumba wangu.

Chuo chenyewe kiko mji mwingine, lakini ofisi zake za udahili za hapa mjini ni mwendo wa dakika ishirini tu kutoka hospitali. Nilitembea kwa dakika kumi na mbili. Pale kazini kila mtu ana jina la kupewa. Mimi wananiita Sikio, kwa sababu kazi yangu ni kukaa na wagonjwa wa akili kuwasikiliza. Yeye wanamwita Utaratibu. Ni mwanasaikolojia mkuu wa kitengo chetu, mtu wa miaka thelathini na saba, mrefu, mpole, mwenye macho ambayo yakikutazama unajisikia umefika nyumbani. Lakini hata kalamu akikuazima atakuuliza utairudisha saa ngapi. Wagonjwa wanampenda. Wafanyakazi wanampenda pia, kwa mbali.

Mlangoni kwake palikuwa na kibao: KIKAO KINAENDELEA. Vikao vyake ni dakika hamsini. Siyo arobaini na tisa wala hamsini na moja. Nilikaa kwenye benchi nikasubiri, huku maisha yangu yakimalizika na ukutani saa ikigonga tik, tik. Kikao kile kilipoisha kikafuata kingine, mgonjwa aliyepangiwa, naye nisingeweza kumpokonya muda wake. Nilimpata daktari wangu saa saba na robo.

"Sikio," alisema, akainuka kitini. Macho yakatua usoni kwangu. "Una nini?"

"Nina uchumba," nilimjibu. "Nimeupata dirishani."

Akakaa chini taratibu.

"Wamekuonyesha?"

"Wameibandika kwenye kioo. Watu kumi na wawili wamesoma. Mmoja amenipa hongera."

"Ile ni barua ya siri," alisema, na uso ukamsawajika kweli. "Hawaruhusiwi kuonyesha..."

"Basi kalalamike! Kawajazie fomu!"

Kwenye chumba kile kuna viti viwili vya urefu mmoja ili mgonjwa asijione mdogo. Kuna boksi la karatasi laini za kufutia machozi, na saa imewekwa nyuma ya kiti cha mgonjwa ili aione daktari peke yake. Nilikataa kukaa.

"Mchumba, Daktari?" Hata tukiwa wawili bado namwita Daktari, ulimi umezoea. "Uliniuliza lini?"

"Nilikusudia kukuuliza Jumapili. Fomu ililetwa Alhamisi. Haikuwa na mahali pa kuandika mtu anayekusudia."

"Jumapili ikaja."

"Ulikuwa na mafua."

"Na Jumapili iliyofuata?"

"Kesho yake ulikuwa na usaili. Niliona nitakuvuruga."

"Na hizi Jumapili tano zilizobaki?"

Alitazama mikono yake. Ni mikono mizuri, ya mtu aliyeshika kalamu maisha yake yote, na siku nyingine yoyote ningetamani kuishika.

"Niliogopa," alisema. "Nilishaandika ndiyo kwa niaba yako. Kila nikitaka kukuuliza nakumbuka kwamba nikikataliwa, nitakuwa nimeidanganya kamati ya udahili."

Sikujua nicheke au nimrushie boksi la karatasi laini.

"Tuyaache hayo. Hii tarehe je? Tumeanza mwezi wa tisa. Nilishatoka kwako. Saa zangu zilishakwisha. Ungeandika mwezi wa tisa, leo nisingekuwa hapa!"

"Wewe umeanza mwezi wa tisa," alisema.

"Sisi tumeanza mwezi wa tisa."

"Wewe, Sikio. Mimi nimeanza tarehe sita mwezi wa pili." Aliyasema vilevile anavyosoma majibu ya vipimo. "Fomu inauliza kwa sababu moja tu: ijue kama anayempa mwombaji alama ana upendeleo moyoni. Mimi kuanzia siku ile nilikuwa nao. Sikukwambia, sikukugusa, sikukutazama zaidi ya nilivyowatazama wenzako. Lakini nilikuwa nao. Ningeandikaje mwezi wa tisa?"

Niseme ukweli, moyo ulinipasuka. Miaka miwili na zaidi! Nilikuwa napita kwenye korido ile na mafaili yangu, nikijiona sina thamani mbele ya mtu huyu, na kumbe. Nilitaka kumkumbatia. Na papo hapo hasira yangu haikupungua hata chembe, kwa sababu ni mwanamume gani anayempenda mwanamke kimya kimya miaka miwili halafu wa kwanza kumwambia ni kamati?

"Kilitokea nini siku hiyo?" niliuliza kwa sauti ndogo.

"Kimo kwenye daftari lako la saa za mazoezi."

"Sitaki habari za daftari. Rekebisha tarehe, Daktari. Nakuomba. Saa kumi wanafunga."

"Unaniomba niandike uongo."

"Nakuomba unipe maisha yangu!" Sauti ilinitoka mpaka nikasikia mtu huko nje akiacha kutembea. "Uliwahi kunipa hata saa moja ya bure? Sema. Moja tu!"

"Hapana. Nilikukata kumi na nane."

"Najua ulinikata! Nilizirudia zote, Jumamosi kwa Jumamosi!" Machozi yakaanza kunitoka, na nilichukia kulia mbele ya mtu aliyesomea machozi. "Wenzangu ulikuwa unawasainia ukurasa, wanaondoka. Mimi ukishasaini unanituma kwa matroni nikasainiwe tena. Kila Ijumaa nasimama mlangoni kwa matroni na daftari kifuani, wenzangu wameshafika nyumbani. Mara ngapi nimelia kwenye zile ngazi? Sahihi mbili, mimi peke yangu! Kwa sababu ulikuwa huniamini."

Alinisogezea boksi la karatasi laini.

"Nilikuwa sijiamini mimi," alisema.

Nikajifuta machozi kwa kiganja.

"Mwongozo wa udahili, ukurasa wa kumi na nne, chini kabisa kwa herufi ndogo," aliendelea, na mimi, Mungu anisamehe, kwa mara ya kwanza nikafurahi kumsikia akitaja ukurasa. "Kama msimamizi ana uhusiano na mwombaji, saa zitahesabiwa endapo kila ukurasa umesainiwa pia na msimamizi wa pili asiye na uhusiano naye. Wiki yako ya kwanza ulisema kwenye kikao cha asubuhi kwamba siku moja utasomea kazi hii. Nikajua daftari lile litakuja kupekuliwa. Nilikwenda kwa matroni siku ileile." Kisha akakunja uso. "Sasa mbona wanasema sifuri? Sahihi ya matroni iko kila ukurasa. Daftari lako hawakulisoma?"

Zamu ya kutazama mikono ikawa yangu.

"Sikulipeleka."

"Hukulipeleka?"

"Walisema daftari au muhtasari. Nikapeleka muhtasari."

Muhtasari ni karatasi moja yenye jumla ya saa na sahihi moja, ya kwake.

"Sikio. Kwa nini?"

"Kwa sababu lote limejaa wino wako mwekundu!" nilifoka. "Kila ukurasa umekosolewa. Nani ampelekee profesa kitu kama kile? Niliona aibu."

Tukatazamana. Yeye alikuwa ameficha mapenzi, mimi nilikuwa nimeficha daftari, na kati yetu tulikuwa tumetengeneza sifuri safi kabisa. Saa ya nyuma ya kiti ilisema saa saba na nusu.

"Liko wapi?" aliuliza.

"Nyumbani. Kwenye droo ya meza ya cherehani ya mama."

Mama yangu ni fundi wa nguo za harusi. Amewashonea mabibi harusi zaidi ya mia mbili, na kuna kitambaa cheupe kabatini kwake ambacho haruhusu mteja yeyote akiguse. Sababu ya kutokiuza naijua, na anajua kwamba naijua. Kila nikitaja masomo anabonyeza cherehani kwa nguvu ili asinisikie. Nilimpigia simu nikiwa nimefumba macho.

"Mama, shikamoo. Naomba unitumie daftari langu lile la jalada la bluu, lipo droo ya pili."

"La nini?"

"La masomo, mama. Haraka sana. Wanafunga saa kumi."

"Ah," alisema. "Hayo masomo."

Utaratibu, kwa kutaka kusaidia, akanong'ona, "Mwambie asilikunje."

"Sauti ya nani hiyo?" aliuliza mama.

Nilikuwa nimechoka. Ningeweza kusema ni mfanyakazi mwenzangu. Lakini ukikaa na mtu mkweli sana hata wewe unaanza kuharibika.

"Ni mtu mmoja aliyeandika kwenye fomu kwamba mimi ni mchumba wake."

Cherehani ikanyamaza. Sijawahi kuisikia cherehani ile ikinyamaza katikati ya mshono.

"Nakuja nalo mwenyewe," alisema mama, akakata simu.

Alitukuta kwenye korido ya udahili saa tisa na nusu. Futi ya kupimia ilikuwa bado shingoni, vipande vya uzi vimemganda begani, na daftari amelikumbatia kwa mikono miwili. Nilinyoosha mkono nilichukue. Akanipita.

"Kwanza huyu," alisema.

"Mama, zimebaki dakika thelathini!"

"Mimi nimebakiwa na miaka michache zaidi, na sijakulilia. Kaa."

Utaratibu alisimama wima, vifungo vyote vimefungwa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye wewe unayechumbia kwa maandishi?"

"Ndiyo, mama."

"Kwenu hamna wazee? Hamna wajomba? Hamna mtu wa kutumwa kwa watu akabishe hodi?"

"Wapo, mama. Nimekosea. Nilianzia mwisho."

"Na ndiye unayempeleka mwanangu mji mwingine miaka miwili?"

"Hapana, mama. Anajipeleka mwenyewe. Mimi nimeandika tu kwamba anaweza."

Mama alimtazama kuanzia mabegani mpaka viatuni, kama anayekadiria kitambaa. Nilimjua, alikuwa anatafuta pa kumshikia na hajapaona.

"Nitakwambia kitu, na huyu asikie," alisema. "Mimi masomo haya siyataki. Siyo kwa sababu ya harusi, ingawa harusi naitaka. Mwaka wa kwanza walimkataa. Wa pili wakampa nusu, wakamnyima nusu. Mara zote mbili alijifungia chumbani akafungulia redio ili nisimsikie. Mimi ni mama, redio hainizibi masikio. Leo ananipigia simu kwa sauti ileile. Sasa na wewe umekuja kumuumiza mara ya tatu?"

Sikuwa najua kwamba alisikia. Nilikuwa nimekaa pale kwenye benchi na miaka yangu thelathini na moja, nikajiona mtoto wa shule.

"Nilitaka kumlinda, mama," alisema Utaratibu. "Nikamuumiza nikiwa namlinda. Kazi yake yote imo kwenye daftari hilo ulilolishika. Naomba ufungue."

"Nimeshafungua. Nimesoma njia nzima." Mama akavaa miwani, akafungua ukurasa wa kwanza kabisa. Ukurasa ule nilikuwa sijautazama tangu siku ulipoandikwa, kwa hasira niliyokuwa nayo. "Hebu nieleze hii. 'Tarehe sita, mwezi wa pili. Mgonjwa namba kumi na saba, hajasema na mtu siku tisa. Mwanafunzi amekaa naye sakafuni dakika arobaini bila kusema neno. Ndivyo ilivyotakiwa. Mwisho mgonjwa ameomba maji. Sijawahi kuona mtu akisikiliza hivi.'" Mama akanigeukia. "Wewe? Dakika arobaini bila neno? Mbona nyumbani hunyamazi hata ukipiga mswaki?"

"Mama, endelea," nilisema.

"Halafu chini, wino mwekundu. 'Saa hii haihesabiwi. Fomu ya ruhusa haikujazwa.'"

Tarehe sita, mwezi wa pili. Nikamgeukia Utaratibu. Alikuwa anatazama viatu vyake, na masikio yamemwiva. Nikakumbuka sakafu ya baridi, sare yangu mpya nyeupe, mzee yule aliyejikunyata pembeni ya kitanda. Nikakumbuka mtu amesimama mlangoni na faili mkononi muda wote ule. Nilidhani amekuja kunikagua.

"Ulininyima saa," nilisema.

"Fomu haikujazwa," alisema kwa unyonge.

Mama alinitazama, akamtazama yeye, akavua miwani. Kisha akanipa daftari.

"Kimbia," alisema.

Karani alilipokea saa tisa na dakika arobaini na mbili. Alilipekua ukurasa mmoja mmoja, akilamba kidole kila mara, nami nahesabu kila mlambo. Sahihi ya daktari, sahihi ya matroni. Sahihi ya daktari, sahihi ya matroni. Nilizisimamia zile sahihi kwenye baridi, kwenye njaa, nikimlaani mtu huyu aliyesimama sasa nyuma ya bega langu akipumua. Karani akafika mwisho, akavuta tena kikokotoo, akajumlisha saa zote upya.

"Mia nne na kumi na mbili," alisema, karibu kwa masikitiko. "Zimekubalika."

Mama alianza kushangilia, nikamshika mkono, kwa sababu karani alikuwa bado ameshika fomu.

"Sasa kipengele cha tisa. Mwombaji athibitishe kwa sahihi kwamba maelezo ya msimamizi ni ya kweli. Saini hapo."

Alinipitishia kalamu. Niliishika. Nikasoma lile neno, *Mchumba*, lilivyosimama wima na kujiamini. Mkono haukushuka.

"Saini, mwanangu," mama alininong'oneza.

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Siyo kweli, mama. Sijaulizwa."

Karani akaweka mikono kichwani. "Dada, ni saa kumi kasoro dakika sita. Kaka, muulize basi! Muulize tufunge!"

Foleni yote ikasogea. Mwanamke wa hongera alikuwa bado yupo, sijui alikuwa na shida gani ya kutwa nzima. Utaratibu akanigeukia, akafuta kiganja kwenye suruali, akafungua mdomo.

"Sikio, je, ungekubali..."

"Hapana!" nilisema. "Nyamaza hapo hapo. Mara ya kwanza umenichumbia kupitia kamati. Hii ya pili haitakuwa kwa ajili ya muhuri."

Nikainama dirishani. Nikapiga mstari mmoja katikati ya neno *Mchumba*, nikaandika juu yake *Mpenzi*, nikatia sahihi pembeni. Mama akavuta pumzi kwa nguvu. Mwanamke wa hongera akasema, "Afadhali."

"Na tarehe je?" aliuliza karani. "Nayo turekebishe? Maana mwenyewe ulisema asubuhi ina makosa."

Sikumtazama Utaratibu, ila nilisikia ameacha kupumua.

"Tarehe iache," nilisema. "Iko sahihi."

Karani akapulizia muhuri, akaugonga mara mbili, akanipa stakabadhi ya faili lililokamilika. Kisha akateremsha pazia la dirisha bila hata kuaga. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika mbili. Niliishika karatasi ile mpaka ikalowa jasho, na nikalia tena, safari hii bila kujificha, kifuani kwa mama, futi ya kupimia ikinikwaruza shavu.

Nje kwenye ngazi mama alitangulia hatua tatu, akajitia kutafuta kitu ndani ya mkoba wake. Hakuna kitu kinachotafutwa muda mrefu vile kwenye mkoba ule.

"Sasa," nilimwambia Utaratibu. "Hapa hakuna karani. Niulize."

Alikuwa na kalamu mkononi, kama siku zote. Aliitazama, akaichomeka mfukoni.

"Naomba nikuoe," alisema. "Ukimaliza masomo, au kabla, au utakapotaka wewe. Wazee wangu watakuja kwa mama kubisha hodi kama inavyotakiwa. Lakini nataka nijue kwanza kutoka kwako."

"Na hiyo miaka miwili nitakayokuwa mbali?"

"Nilikupotezea Ijumaa sabini na nne kwenye mlango wa matroni. Nitakuja huko utakakokuwa, nikurudishie zote, moja moja."

"Umezihesabu?"

"Zimo kwenye daftari."

Mtu huyu alikuwa amenichosha mpaka kwenye mifupa. Tangu asubuhi nilikuwa sijala, nimelia mara tatu, nimetangazwa mbele ya watu. Na nilijua kwamba nikiishi naye miaka hamsini atanichosha hivihivi kila siku, na kwamba hakuna mwingine ninayetaka anichoshe.

"Ndiyo," nilisema. "Nimekubali."

Kule mbele mkoba wa mama ukadondoka. Utaratibu alitabasamu, tabasamu ambalo sikuwahi kuliona, lilimfika mpaka machoni na kubaki huko. Kisha nikaona linaanza kuyumba. Macho yakamrudi mlangoni tulikotoka.

"Sikio," alisema, "pale pameandikwa mpenzi. Hali ikibadilika, mhusika anatakiwa kuwaarifu mara..."

"Dirisha limefungwa, Daktari."

"Watafungua Jumatatu, saa mbili asubuhi."

"Basi mpaka Jumatatu saa mbili," nilimwambia, nikamshika ule mkono wa kalamu, "wewe ni wangu bila fomu."